Saa saba juu ya Ziwa Kivu: meli ya mchana kutoka Bukavu hadi Goma

Mtu anayetoka Bukavu kwenda Goma ana njia tatu. Kuna barabara ya Kalehe, Nyabibwe na Minova, yenye kilomita zipatazo 200 za vumbi, mashimo na vizuizi. Kuna boti ya mwendo kasi, ile tunayoiita kano rapidi, inayovuka ziwa kwa muda wa saa tatu hivi. Na kuna meli ya mchana, inayobeba abiria na mizigo pamoja, ambayo hutembea polepole na kufika inapofika. Kwa miaka mingi nilipanda kano rapidi kwa sababu ya kazi: nilikuwa naingia ndani, nafunga dirisha ili maji yasinirukie, nasinzia, na kuamka tukiwa Goma. Mwezi wa Saba nilipanda meli ya mchana kwa mara ya kwanza, nikimsindikiza mama mkubwa aliyekuwa anakwenda kumwona kitukuu wake aliyezaliwa huko Himbi, mtaa wa Goma. Yeye ndiye aliyekataa kano rapidi, akisema kwamba mifupa yake haiwezi tena kugongwagongwa na mawimbi. Namshukuru kwa kukataa kwake.

Naandika maoni haya kwa sababu nilipouliza habari za meli hii kabla ya safari, kila mtu alinieleza bei na saa ya kuondoka, na hakuna aliyeniambia lile lililo kubwa zaidi, kwamba ule mwendo wa polepole, ambao wengi wanauvumilia ili tu waokoe pesa, ndio bidhaa bora kuliko zote inayouzwa pale dirishani. Sitaitaja kampuni kwa jina. Meli za aina hii ni kadhaa, na nina lalamiko moja zito ambalo nimewapelekea kwa barua na bado nasubiri jibu lao. Ningependa walijibu wao wenyewe kwanza.

Meli ina madaraja matatu. La tatu liko chini kabisa, karibu na usawa wa maji, ambako watu hukaa katikati ya mizigo. La pili liko juu yake, lenye mabenchi ya mbao na madirisha. Na la kwanza liko juu kabisa, lenye viti vya mto na sehemu ndogo iliyo wazi nyuma ya chumba cha nahodha, ambako mtu anaweza kusimama na kuona pande zote nne. Tulilipa dola 15 kila mmoja kwa daraja la kwanza. Kano rapidi ingetugharimu zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Tiketi tulizinunua siku moja kabla, na nawashauri wengine wafanye vivyo hivyo, kwa maana asubuhi ya safari dirisha la tiketi huzingirwa na wachukuzi, wauza mikate na watu wanaokimbia huku na huku wakitafuta kubadilisha pesa, na mtu mzee hawezi kusimama pale bila kusukumwa.

Tuliambiwa tuwe bandarini saa kumi na mbili na nusu, kwa kuwa meli ingeng'oa nanga saa moja na nusu. Iliondoka saa tatu na robo. Hakuna aliyetoa tangazo wala kuomba radhi. Tuliona tu kreti za bia, magodoro na mikungu ya ndizi vikiendelea kupakiwa, na kila tulipouliza tulijibiwa kwamba imebaki kidogo. Kampuni inayojua kwamba itapakia mizigo hadi saa tatu ingeweza kuandika saa tatu kwenye tiketi, na mama mwenye umri wa miaka sabini na zaidi angelala saa moja na nusu zaidi.

Hata hivyo, ni katika kungoja huko ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa ukaribu ingawa nimeishi karibu na ziwa hili maisha yangu yote. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, walikuwa wanarudi. Wote tunaijua mitumbwi yao kwa mbali: mitatu inakwenda sambamba, imeunganishwa kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma kama pembe za ng'ombe wa Ankole, na usiku taa zake hufanya ziwa lionekane kama mji mwingine. Asubuhi ile kundi moja lilipita mita chache tu kutoka ubavu wa meli yetu. Vioo vya taa vilikuwa vimejaa masizi. Wavu ulikuwa umekusanywa katika mtumbwi wa kati, bado unachuruzika maji, na katika matundu yake samaki wadogo walikuwa wamenasa kwa vichwa, wakimetameta kama misumari mipya. Wanaume walikuwa wanapiga kasia kwa kuimba, mmoja anaanza na wengine wanapokea, na kila mpokeo uliangukia pale pale kasia zilipoingia majini. Mama mkubwa alinieleza kwamba katika usiku wa mbalamwezi hawaendi, kwa sababu sambaza huifuata taa, na mwezi ukiwaka taa inakuwa haina kazi. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba samaki huyu, ambaye bila yeye siwezi kuwaza meza ya Bukavu, ni mgeni hapa: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960. Mama mkubwa alikuwa ameshazaliwa.

Meli ilipoanza kurudi nyuma kutoka gatini, sote tuliokuwa juu tulisimama. Bukavu ni mji uliojengwa kwa kuangalia maji, na ni majini tu ndiko unakoonekana ukiwa mzima. Ukiwa ndani yake unaona mteremko, foleni, matope na ukuta wa jirani. Ukiwa ziwani unaona rasi zake tano zimenyooshwa kama vidole vya mkono, La Botte ikiwa na nyumba zake za zamani chini ya miti, na juu kabisa Kadutu, mabati juu ya mabati, hadi mlima unapokwisha. Nilihuzunika pia. Sehemu nyingi zilizokuwa na miti nilipokuwa mtoto sasa ni udongo mwekundu uliochimbwa, na mistari ya mmomonyoko inashuka hadi ziwani bila kizuizi chochote. Mambo hayo yote mawili, uzuri na jeraha, utayaona vizuri kwa sababu meli inachukua karibu nusu saa kuutoka mji. Kano rapidi huutoka kwa dakika chache, na pua yake inakuwa imeinuka hivi kwamba huoni kitu.

Nyuma yetu, upande wa kusini, yalibaki maji yanayoelekea mto Ruzizi. Naomba msomaji anivumilie hapa, kwa kuwa bila kulijua jambo hili safari nzima inapoteza nusu ya utamu wake. Ruzizi unaanzia Bukavu. Ziwa Kivu, lililo kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, linamimina maji yake katika mto huo, nao unashuka kwa kasi kwenye magenge, unazungusha mitambo ya umeme unaowaka majumbani mwetu, unapita uwanda wa Uvira na kuingia Ziwa Tanganyika. Kutoka huko maji hutoka kwa mto Lukuga, hufika Lualaba, na mwishowe hufika baharini magharibi pamoja na mto Kongo. Lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wataalamu wa miamba wanaeleza kwamba zamani maji ya bonde hili yalitiririka kuelekea kaskazini, upande wa Nile, mpaka volkeno za Virunga zilipomwaga lava na kuziba njia. Maji yakapanda, yakajaza mabonde, yakageuza vilima kuwa visiwa, na kutafuta mlango mpya upande wetu. Kwa hiyo anayetoka Bukavu kwenda Goma anaacha nyuma mlango ambao maji hutokea leo, na anaelekea mlango wa kale uliofungwa kwa moto. Nilikuwa nimeyasoma hayo shuleni. Sikuyaelewa mpaka nilipoyapita kwa mwendo ambao jicho linaweza kuufuata.

Kwa sababu hiyo nashauri safari ifanywe kutoka Bukavu kwenda Goma, na si kinyume chake, kama mtu anaweza kuchagua. Nashauri pia akae upande wa kushoto asubuhi. Meli hupita magharibi ya kisiwa cha Idjwi, hivyo nchi kavu ya Kabare na Kalehe iko kushoto, na jua la asubuhi linatoka nyuma ya Idjwi na kuiangaza moja kwa moja. Unaona mashamba yaliyokatwa kwa mistari, mashamba ya chai, migomba, moshi wa majiko, na nyuma ya vyote hivyo, kwa mbali, ukuta wa bluu wa hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980. Kahuzi wenyewe, wenye mita 3,308, ulikuwa umevaa wingu kichwani. Baada ya saa sita jua huhamia upande wa pili, na hapo ni wakati wa kuhamia kulia, kwa sababu sasa Idjwi ndiyo inayopokea nuru. Baharia mmoja kijana aliyekuwa anatuangalia alikuja mwenyewe kumsaidia mama mkubwa kuhama. "Koko, njoo huku," alimwambia, yaani bibi, "huku utaona vizuri na jua litakuwa mgongoni." Alimbebea na kikapu. Huduma ya namna hiyo haiandikwi kwenye tiketi, na nilimtaja kijana huyo kwa sifa katika barua yangu kwa kampuni.

Kabla ya kuhama huko kulitokea jambo ambalo kwangu ndilo lililokuwa kilele cha safari, ingawa mtu mwingine angelipita bila kuligundua. Mama mkubwa alizaliwa Birava. Alitoka huko alipoolewa, na kwa miaka mingi amekuwa akivuka mbele ya Birava ndani ya kano rapidi pasipo kujua ni wakati gani anaivuka. Siku hiyo aliiona ikija kutoka mbali, kwanza mstari wa miti, kisha mabati ya parokia, kisha kijia chekundu kinachoshuka hadi majini. Alisimama akashika chuma cha ukingo. "Pale ndipo tulikuwa tunateka maji," alisema, na baada ya muda, "na pale pana jiwe, halionekani, lakini lipo." Meli iliendelea kwa mwendo wake ule ule, na kwa muda wa karibu robo saa Birava ilikuwa mbele yake yote, akaitazama mpaka ikajificha nyuma ya kilima. Hakusema tena neno mpaka chakula kilipoletwa.

Chakula kinastahili sifa. Jikoni kuna mama wawili wanaopika katika chumba kidogo nyuma ya daraja la pili, na unachoagiza unakiona kikipikwa. Tulikula sambaza waliokaangwa wakavu, wanaovunjika mdomoni kama karanga, pamoja na bugali wa moto, lengalenga (mchicha) na pilipili mbichi iliyopondwa kwa chumvi na ndimu. Sahani ya watu wawili ilitugharimu faranga 10,000. Sambaza walikuwa wa usiku ule ule. Walipandishwa kwenye meli tukiwa bado gatini, katika beseni la plastiki, na niliwaona kwa macho yangu. Nimekula sambaza katika hoteli za Goma zenye vitambaa vyeupe mezani, na sikuwahi kula waliokuwa wazuri hivyo. Chai, kwa upande mwingine, ilikuwa maji ya moto yenye rangi, na soda hazikuwa baridi.

Idjwi inahitaji subira. Kisiwa kina urefu wa kilomita 40 hivi, ni miongoni mwa visiwa vikubwa kuliko vyote vilivyo katika maziwa ya Afrika, na meli yetu ilichukua karibu saa tatu kukimaliza. Baadhi ya abiria walilala. Nawaelewa, maana ukikitazama kwa haraka unaona kijani tu. Ukikaa nacho unaanza kuona kwamba kijani kile kimegawanyika: migomba karibu na maji, kahawa juu yake, viraka vya mihogo na maharage, na kwenye mgongo wa kisiwa kipande cha msitu kilichobaki. Unaona watoto wanaooga, wanawake wanaofua juu ya mawe meusi, mtumbwi uliojaa mananasi hadi ukingo wake unabaki vidole vinne tu juu ya maji. Meli ilisimama mara moja, mbali kidogo na ufuko, na mitumbwi ikaja kupokea watu na kuleta mananasi. Nilinunua matatu. Mananasi ya Idjwi yana sifa tangu zamani, na hayakuiangusha: tulipofungua moja pale pale kwa kisu cha jikoni, harufu yake iliwaamsha waliolala.

Sasa nafika kwenye lalamiko. Wakati mitumbwi ile ilipokuwa inakaribia, watu walijaa upande mmoja na meli ikainama kidogo, na hapo nikatazama chini na kugundua kwamba katika daraja la tatu hakuna mtu hata mmoja aliyevaa jaketi la kuokolea, ambalo huku kwetu tunaliita jile. Sisi wa juu tulipewa kila mmoja lake kabla ya kuondoka, tukaonyeshwa namna ya kulifunga. Niliteremka kuuliza. Nilioneshwa sanduku la chuma lililofungwa kwa kufuli, na juu yake magunia mawili ya unga. Nikaambiwa kwamba majile ya daraja la tatu yamo humo na yatagawiwa ikiwa ziwa litachafuka. Nilimuuliza yule bwana ni nani atakayeondoa magunia hayo wakati ziwa limechafuka. Alikaa kimya. Hatimaye nahodha mwenyewe aliitwa, magunia yakaondolewa, ufunguo ukatafutwa kwa muda ambao niliuona mrefu mno, na majile yakagawiwa. Yalitosha karibu wote. Mama wawili wenye watoto mgongoni walibaki bila, na hapakuwa na jile hata moja la ukubwa wa mtoto.

Ni vigumu kukuta mtaa wa Goma au Bukavu usio na familia iliyompoteza mtu katika ziwa hili. Kina chake kinafika mita 480 na zaidi, na aliyezama mbali na ufuko mara nyingi haonekani tena. Kumpa mtu jile kwa kufuata bei ya tiketi yake ni kosa ambalo sambaza watamu hawawezi kulifunika. Kwa upande mwingine, nahodha alikuja mwenyewe, alisikiliza, alitenda, na baadaye alipanda juu kuniambia kwamba nilifanya vizuri kuuliza. Kwa hiyo najua kwamba jambo hili linawezekana. Linahitaji tu kufanywa gatini, kabla kamba haijafunguliwa, kwa kila mtu. Kama nitapewa nafasi ya kutoa alama, nitatoa nyota nne kati ya tano kwa safari, na mbili kwa usalama, mpaka nitakaporudi na kukuta sanduku lile liko wazi. Abiria wa daraja lolote adai jile lake kabla ya kukaa, na aangalie kama la mwanawe lipo.

Mengine yaliyonikera ni madogo. Choo kilikuwa safi hadi saa sita na baada ya hapo hakuna aliyekishughulikia. Televisheni ya daraja la kwanza ilikuwa inapiga muziki kwa sauti ya kuumiza masikio tangu Bukavu; niliomba ipunguzwe na ikapunguzwa mara moja, na watu kadhaa walinishukuru, jambo linaloonyesha kwamba wengi walikuwa wanateseka kwa heshima.

Idjwi ilipokwisha, ziwa lilifunguka. Mwezi wa Saba upepo wa kusini huvuma mchana, na mawimbi yalianza kutufuata kutoka nyuma, mafupi, yenye vichwa vyeupe. Kwa kuwa yalikuwa yanatusukuma, meli haikuyumba sana, ila ilikuwa inainuka na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala. Hapo ndipo mazungumzo ya abiria yalipogeukia gesi, kama yanavyogeuka kila mara watu wakiwa katikati ya Kivu. Chini yetu, katika maji ya kina kirefu ambayo hayachanganyiki na yale ya juu, mmeyeyuka takriban kilomita za ujazo 60 za methani na takriban 300 za kaboni dioksidi. Upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, kituo kinachochota methani hiyo kwa ajili ya umeme kilizinduliwa mwaka 2016, kikiwa na uwezo wa megawati 26. Mzee mmoja aliyekaa karibu nasi, aliyekulia kati ya Goma na Sake, alitueleza kuhusu mazuku, zile hewa mbaya zinazotoka ardhini na kutuama mabondeni, na jinsi walivyokatazwa wakiwa wadogo kulaza mbuzi katika mashimo fulani karibu na ufuko. Alizungumza bila hofu, kama mtu anayeeleza tabia za jirani.

Volkeno hatukuziona mapema. Wakati wa kiangazi hewa hujaa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, na upande wote wa kaskazini ulikuwa mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Anayetaka kuiona Nyiragongo tangu mbali asafiri mvua zinapokwisha, mwishoni mwa mwezi wa Tano, wakati hewa imeoshwa. Sisi tuliiona ilipobaki saa moja tu kufika: kwanza kivuli, kisha bega moja, kisha mlima wote wa mita 3,470, mdomo wake umekatwa sawa kama chungu, na mvuke mwembamba unatoka na kulala upande wa magharibi. Chini yake Goma ilikuwa imetandazwa, pana kuliko ninavyoiwaza nikiwa ndani yake.

Ukiikaribia Goma kwa maji unaona rangi ya ufuko ikibadilika. Udongo mwekundu wa Bukavu na Idjwi unakwisha, na badala yake kuna jiwe jeusi, lenye matundu, lililoganda katika mikunjo kama ngozi ya uji uliopoa. Ni lava. Tarehe 17 Januari 2002 ilishuka kutoka mlimani, ikapita katikati ya mji na kuingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena na kusimama ukingoni mwa mji. Kuta za viwanja, misingi ya nyumba, hata ngazi za kushukia majini, vyote vimejengwa kwa jiwe hilo hilo lililokuja kuubomoa mji. Nilikuwa nimetoka kwenye mlango wa Ruzizi asubuhi, na sasa, saa kumi na robo alasiri, nilikuwa naangalia kwa karibu kitu kile kile kilichoufunga mlango wa kaskazini zamani. Mama mkubwa aliniuliza kwa nini nimenyamaza. Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akatazama mlima, akatazama maji, akasema, "Basi Birava ilikuwa kilimani." Sikuwa nimelifikiria hilo.

Kushuka kunahitaji utulivu. Wachukuzi hupanda melini kabla abiria hawajateremka, na mzigo wako unaweza kuwa umeshabebwa na mtu usiyemjua wakati bado unatafuta viatu. Kaeni mahali penu mpaka msongamano upungue, kubalianeni bei kabla ya mzigo kunyanyuliwa, na mwenye mzigo mkubwa amtafute mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, nje ya geti, kwa kuwa chukudu hubeba gunia zima, na bei yake hueleweka zaidi kuliko ya teksi. Sisi tulipakia kikapu, masanduku mawili na mananasi mawili yaliyobaki, na mwenye chukudu alitembea mbele yetu hadi barabarani akimngojea mama mkubwa kila baada ya hatua chache.

Tulikaa Goma siku sita. Siku ya nne mpwa wangu alitaka kutukatia tiketi za kano rapidi za kurudi, kwa kuwa ana kazi na hakupenda kutusindikiza bandarini alfajiri. Mama mkubwa alimwambia asijisumbue. Tuliteremka wenyewe hadi bandarini, tukanunua tiketi mbili za meli ile ile, na kabla ya kulipa nilimwomba karani aandike kwenye tiketi kwamba tunataka upande wa kulia, kwa sababu ukirudi kusini Birava inakuwa huko.